Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Gavana wa Busia: Matokeo Yasomwe Barazani

Mheshimiwa Gavana,

Najua saa zako si zako peke yako: bunge la kaunti linazidai, Nairobi inazidai, na wageni wa mpakani hawaishi mlangoni. Kumwomba kiongozi wa cheo chako aketi na barua ya mkazi wa kawaida ni kuomba mengi, na natanguliza shukrani kwa kila mstari utakaopata nafasi ya kuusoma. Jambo lenyewe linagusa heshima ya watu unaowaongoza, ndiyo maana nimeona ni adabu kulileta kwako mwenyewe.

Mheshimiwa, tangu miaka ya 1990 watafiti wamekuwa wakibisha hodi kwetu. Wanauliza kwa nini mtoto anakosa shule, kwa nini mama hatii dawa kwenye maji ya kunywa, kwa nini mkulima hanunui mbolea wakati wa kupanda ukifika. Profesa Michael Kremer, aliyetunukiwa Nobeli ya Uchumi mwaka 2019 pamoja na Esther Duflo na Abhijit Banerjee, alifanya sehemu kubwa ya kazi iliyompa jina hapa hapa Busia. Ng'ambo ya mpaka, Tororo nchini Uganda, madaktari nao wamefuatilia malaria na Virusi vya Ukimwi kwa miaka mingi. Naomba ruhusa nikumbushe machache ya yale waliyoyaona, bila kudhani hata kidogo kwamba huyajui.

Mwaka 1998 shirika la ICS lilianza kugawa dawa ya minyoo katika shule 75 za Budalangi na Funyula, zenye wanafunzi zaidi ya 30,000. Kremer na mwenzake Edward Miguel waliandika kwamba utoro ulipungua kwa robo, na kwamba hata watoto wa shule jirani ambao hawakumeza dawa walinufaika. Mwaka 2015 wataalamu wa London walizirudia hesabu hizo na mabishano makali yakazuka kuhusu ukubwa wa faida. Sina elimu ya kuamua kati yao. Kilichonigusa mimi kimefichwa ndani zaidi, katika mambo mawili ambayo hayabishaniwi sana.

La kwanza ni somo. Pamoja na vidonge, walimu walifundishwa nao wakawafundisha watoto: nawa mikono, vaa viatu, usiogelee kwenye maji yenye kichocho. Watafiti walirudi wakatazama mikono na miguu. Hawakuona badiliko. Mtoto asiye na viatu alilisikia somo lote na akarudi nyumbani bila viatu.

La pili ni bei. Mwaka 2001 baadhi ya shule zilitakiwa kuwachangisha wazazi, shilingi 30 kwa familia, au 100 pale ambapo dawa ya kichocho ilihitajika pia. Dawa ilipokuwa ya bure, karibu asilimia 75 ya watoto waliipata. Ilipotozwa fedha, idadi ilianguka chini ya asilimia 20. Jambo kama hilo lilionekana baadaye katika kliniki za wajawazito huku magharibi mwa Kenya, Jessica Cohen na Pascaline Dupas walipopima vyandarua: shilingi 40 tu ziliwarudisha wanawake wengi nyumbani mikono mitupu, na waliopewa bure walivitumia sawasawa na walionunua.

Mheshimiwa, mzazi wa Budalangi ameambiwa maisha yake yote kwamba hajui. Ameambiwa na wakoloni, na wamisheni, na maafisa wa afya, na sisi tuliosoma kidogo kumzidi. Mabango yanamwambia hivyo hadi leo. Na hapa pana ushahidi, uliokusanywa kwa miguu yake na kwa muda wake, unaoonyesha kwamba ada ndogo ilimfukuza upesi kuliko mahubiri yoyote yalivyoweza kumvuta. Ushahidi huo ulimtetea. Ulichapishwa kwa Kiingereza, katika majarida ambayo hayafiki sokoni Port Victoria.

Chemchemi nazo zilisema jambo lile lile kwa njia nyingine. Watafiti waliangalia chemchemi zipatazo 200. Zilizojengewa saruji zikapunguza kuhara kwa watoto kwa robo hivi. Kisha likaja tangi dogo la klorini, likawekwa pale pale mama anapotekea maji: anageuza kifaa, kipimo kinashuka ndani ya dumu, na kufikia nyumbani maji yameshatibika. Hahitaji kukumbuka chupa iliyo kabatini. Majirani wanaona nani ametia na nani hajatia, na mtu wa kijiji aliyechaguliwa na wenzake anakumbusha. Zaidi ya nusu ya kaya zilitumia, na ziliendelea hivyo kwa miezi mingi, wakati klorini ya kununua dukani ilitumiwa na wachache sana.

Kuna utafiti mmoja ambao nakuomba kwa namna ya pekee uutafakari. Alix Peterson Zwane na wenzake walichapisha mwaka 2011 kwamba kaya za Busia zilizoulizwa mara kwa mara kuhusu kuhara kwa watoto zilianza kutia klorini zaidi kuliko zile zilizoulizwa mara chache. Kutembelewa tu, na mtu akauliza habari za mtoto na kungoja jibu, kulitosha kubadilisha kilichomo ndani ya mtungi. Nikisoma hayo nawafikiria wahudumu wa afya wa jamii wanaozunguka vijijini mwetu, na jinsi ziara zao zinavyostahili kuthaminiwa.

Tororo pana mfano wa aina hiyo hiyo. Kuanzia mwaka 2003, dawa za ARV zilipelekwa hadi nyumbani kwa pikipiki, pamoja na ushauri na kipimo kwa mwenzi. Katika kundi la watu wazima 926 waliofuatiliwa, ngono ya hatari ilipungua kwa asilimia 70 baada ya miezi sita. Lakini huko huko Tororo, utafiti mwingine ulioitwa PRIME ulihusisha vituo vya afya 20. Katika nusu yake wahudumu walipewa mafunzo ya kutibu homa na kumpokea mgonjwa kwa heshima, na dawa na vipimo vya malaria vikaongezwa. Watoto wa vijiji vya jirani walipopimwa upungufu wa damu, hapakuwa na tofauti. Nawaheshimu sana waliotangaza matokeo hayo bila kuyapamba. Muuguzi mmoja, hata akifunzwa vizuri, hawezi kumtibu mtoto ambaye hakufikishwa kituoni.

Sasa ombi langu, Mheshimiwa, na unisamehe nikionekana kuvuka mpaka wangu.

Watafiti wakija huwa na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, kisha huripoti katika ofisi za kaunti kabla ya kuanza. Tunakusihi ofisi yako iongeze sharti moja: mtafiti asiruhusiwe kuanza kazi ya pili kabla ya kusimama barazani na kueleza alichokiona katika ya kwanza, kwa Kiswahili na kwa Kisamia, Kinyala, Kikhayo au Kiteso, kulingana na mahali. Machifu wako chini ya serikali kuu, naelewa, lakini wasimamizi wa wadi ni wako, na wanaweza kuitisha mkutano. Tuanzie Budalangi na Funyula. Wanafunzi wa mwaka 1998 sasa ni wazazi; watafiti wamewafuatilia kwa miaka ishirini, hata waliohamia Uganda, na mwaka 2021 walichapisha kwamba waliopata dawa kwa miaka zaidi wana kipato kikubwa kuliko wenzao. Ni haki yao kuyasikia hayo wakiwa wamekaa, na nafasi ya kuuliza maswali wakiwa nayo wao safari hii.

Tena, afya na maji viko mikononi mwa kaunti tangu ugatuzi wa 2013. Bajeti ya uhamasishaji ikifika mezani kwako, tunaomba uulize kwanza: kitu tunachowahimiza watu wakitumie kipo karibu nao, na ni bure? Kama hakipo, fedha za mabango na fulana zikakinunue.

Na ikikupendeza, mwandikie mwenzako wa Tororo. Ndugu zetu Wateso wako pande zote mbili za mpaka, na matokeo ya huko yanawahusu wa huku.

Shule zitakapofungwa mwezi wa Agosti madarasa yatakuwa wazi kwa mikutano. Nitafurahi kusaidia kupanga viti na kutafsiri, popote utakaponituma.

Wako mtiifu, kwa heshima zote,

Mkazi wa Busia mjini