Sifa za Amri Isiyohama

Mapenzi yameimbwa vya kutosha. Leo tuisifu amri ya matunzo ya mtoto nchini Marekani, karatasi yenye muhuri isiyoyumba hata wazazi wakiachana na kila mmoja akashika njia yake.

Tuseme mahakama ya New York imemwamuru baba atoe matunzo kila mwezi, kisha baba akahamia Texas. Maadamu mama na mtoto wamebaki New York, jaji wa Texas haruhusiwi kuibadili amri hiyo bila ridhaa ya wazazi wote wawili. Mke na mume wametengana; amri na mahakama yake ni kufa na kuzikana.

Siku mama naye akihamia Florida na mtoto, hapo ndipo utamu unapokolea. New York haikubaki na mtu, basi haina tena mamlaka peke yake ya kuibadili amri. Mama akitaka nyongeza, sharti aisajili amri Texas, kwa baba. Baba akitaka kupunguziwa, apeleke maombi Florida, kwa mama. Watu waliokimbiana sasa wanapigiana hodi! Njia ya mkato ipo: wakubaliane kwa maandishi ni mahakama ipi isikilize kesi. Wakubaliane, wale walioshindwa kugawana masufuria.

Jaji wa Texas atakokotoa kiasi kwa kanuni za kwao, lakini umri wa kukoma malipo haumhusu. Texas kwa kawaida huishia miaka 18 au mtoto amalizapo sekondari. New York ni 21. Amri imezaliwa New York, basi 21 ni 21.

Wanaonung'unika wakumbuke zamani, mtoto mmoja alipoweza kuwa na amri mbili tatu za majimbo tofauti, kila moja na kiasi chake. Kuondoa vurugu hiyo, sheria ya pamoja ya majimbo ilitungwa 1992, na Bunge la Marekani likayabana majimbo yote yaipitishe kufikia 1998.

Kwenye malimbikizo, amri haisikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Tangu 1986, deni lililokwisha kuiva halifutwi na jaji. Uliachishwa kazi Januari ukaomba punguzo Juni? Miezi ya katikati unadaiwa kwa kiwango kilekile.

Ukihama, marafiki watapoteza namba yako na jamaa watakusahau. Amri itavuka mpaka wa jimbo, itafika kwa mwajiri wako mpya, na itachukua fungu la mtoto kabla wewe hujauona mshahara.