Jinsi ya Kumcheka Tapeli Mbele ya Wazazi

Mdogo wangu wa sekondari huko Matambarale, Ruangwa, umepewa mradi wa kuelimisha watu kuhusu hatari za mtandaoni, na bila shaka umeshawaza bango la manila lenye maandishi mekundu. Achana nalo. Bibi yako atalipita tu akienda kisimani. Andaa kichekesho, maana tapeli akishachekwa na kijiji kizima, kesho akipiga simu kila mtu anamtambua.

Wahusika utawapata nyumbani jioni, kwa daftari na kalamu. Waombe baba, mjomba na mama ntilie wakusomee meseji walizowahi kutumiwa. Utampata wa "ile hela tuma kwenye namba hii", utampata mganga anayetibu mapenzi na kesi kwa dawa moja, na utampata Freemason anayegawa utajiri ila kwanza anaomba hela ya fomu. Huyo Freemason mvishe koti la mjomba, aketi juu ya gunia la korosho, atangaze mamilioni, kisha aombe watazamaji nauli.

Mhusika mkuu lakini awe "mwalimu" wa bandia. Anampigia mama saa nne asubuhi, wakati mtoto yuko darasani na hana simu: "Mama, mwanao kaanguka, tuko hospitali, tuma hela ya dawa sasa hivi!" Hapo igizeni taratibu. Watu wamwone mama anavyohangaika na kitochi chake, kanga inamdondoka, anakimbilia kwa wakala akiacha mlango wazi. Jirani amshike mkono, achukue simu, aulize: "Mwalimu, huyo mtoto anaitwa nani, na yuko kidato cha ngapi?" Tapeli aanze kukohoa, adai mtandao unasumbua, akate. Ukumbi utaangua kicheko.

Ila mama asichekwe. Aliyelizwa akichekwa hunyamaza, na akinyamaza, jirani yake naye analizwa. Msichana anayetishiwa kwa picha zake za faragha naye msimpeleke jukwaani kabisa. Huyo apelekwe kwa mwalimu anayemwamini na polisi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015.

Onyesho lifanyike chama cha msingi kikishauza ufuta au korosho mnadani na malipo yakianza kuingia. Ndipo Ruangwa na Nachingwea kuna hela ya kuibwa. Na bibi aongee Kimwera jukwaani, ili bibi walioko chini wasipitwe na neno.

Kabla watu hawajatawanyika, wafundisheni kwa sauti: mtoa huduma hupiga kwa namba 100, namba ya siri haitajwi kwa mtu yeyote, meseji ya kitapeli inatumwa TCRA kwa 15040. Kisha kila mwenye simu abonyeze *106# aone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake cha NIDA. Hili msilifanye haraka. Tangu usajili wa laini kwa alama za vidole ukamilike mwaka 2020, tapeli anahitaji kidole cha mtu mwingine, na anayeambiwa "weka tena kidole, haijasoma" anaweza kuondoka kasajiliwa laini asiyoijua.

Mkuu wa shule, kikao cha wazazi cha msimu huo wa malipo wapeni vijana hawa nusu saa, tena mwanzoni, kabla ya hoja ya michango.