Sekta ya Uzazi

Ndugu yetu alikimbia kuchunga mbuzi Same, akaapa kwamba yeye na kijiji basi. Leo yuko Wales, kwenye watu milioni 3 na ushei na kondoo karibu mara tatu yao, na kila Jumapili anatutumia picha za malisho. Basi hupita mara mbili kwa siku, likijisikia. Sisi tungeiita hiyo shida. Yeye anaiita utulivu, tena anaulipia kodi ya nyumba.

Kiingereza je? Shuleni alikuwa akisahihisha hata walimu. Sasa anasimama mbele ya mfugaji wa Powys akiitikia kwa kichwa, maana mzee anaongea kama anayeimba, na akimgeukia jirani kwa Kiwelisi, msomi wetu hata hatambui kwamba lugha imebadilika. Yote anayajibu “yesi.” Machi hii jibu hilo lilimfikisha zizini saa tisa usiku, mikono hadi viwikoni, akizalisha kondoo.

Mama ameshaarifiwa kwamba kijana amepandishwa cheo, yuko sekta ya uzazi. Kanisani wameanza kumwita daktari.