Kidogo Tu, Nyumbani

Ogopa sana mtu anayekwambia kwamba mwaka huu sikukuu tutaifanyia nyumbani, kidogo tu, kwa ajili ya watoto. Mimi mtu huyo nimeshamwoa, nimechelewa. Wewe bado una nafasi ya kujiokoa.

Hoja ya mama watoto, ukiisikia mara ya kwanza, haina pa kushika. Hekaluni Kisutu watu hujaa mpaka barabarani, pa kuegesha gari hakuna, watoto hukanyagwa vidole. Janmashtami ndiyo kabisa: Krishna huzaliwa saa sita ya usiku, na kitinda mimba wetu ana miaka 4, usingizi humkamata saa mbili kijiko kikiwa bado mdomoni. Kwa nini tusitundike bembea ndogo hapa sebuleni, Krishna akazaliwa saa moja unusu, tukala, tukalala? Mama yangu mzazi alipouliza ni nani aliyempangia Mungu ratiba, akajibiwa kwamba saa sita ya usiku kule Mathura hapa kwetu ni saa tatu unusu, na kutoka saa tatu unusu hadi saa moja unusu ni mapatano tu. Tangu siku hiyo, katika nyumba yetu ya Upanga, miungu huja kwa wakati wa watoto.

Kinachosahaulika ni kwamba hekaluni kila kazi ina mwenyewe. Kuna pujari wa kusoma, kuna akina mama wa jikoni, kuna vijana wa kupanga viatu mlangoni, kuna mzee ambaye kazi yake yote ni kuwafokea wanaokatiza mbele. Ukihamishia mambo nyumbani, vyeo vyote hivyo anapewa mtu mmoja, na mtu huyo bado anatakiwa afungue duka saa mbili asubuhi. Wala usifikiri ni mara moja kwa mwaka. Waislamu wana Idi zao mbili, Wakristo wana Krismasi na Pasaka. Sisi Mabaniani, ambao Waswahili walitutungia methali wakasifu kiatu peke yake, tunaanza na tiara za Uttarayan tarehe 14 Januari, tunaingia Holi mwezi Machi, kisha rakhi, kisha Krishna, kisha Ganesh, kisha usiku tisa wa Navratri, na hapo hatujafika Diwali, ambayo yenyewe ina siku tano. Mwaka 2025 hata hizo tano hazikutosha. Diwali ilikuwa Jumatatu 20 Oktoba, mwaka wetu mpya wa 2082 kwa hesabu ya Vikram ukaanza Jumatano 22, na katikati ikabaki Jumanne isiyo na kazi maalumu. Watoto wakaipa kazi: kula vilivyobaki.

Halafu Jumatatu yenyewe ilikuwa siku ya kazi. Wenzetu wa Kenya serikali yao huitangaza Diwali kuwa mapumziko kwa Wahindu. Sisi huku tunasherehekea baada ya saa za kazi, kama wanafunzi wa masomo ya jioni. Nilimchukua mkubwa, miaka 7, tukapitia dukani kubariki vitabu vya hesabu. Babu yangu alikuwa na madaftari mekundu yenye kamba, yakipakwa kumkum ukurasa wa kwanza na kuandikwa maneno ya heri. Mimi nina kompyuta mpakato na mashine ya EFD. Basi tukavipanga juu ya kitambaa chekundu, nikasoma nilichokumbuka, nikamruhusu kijana apake nukta. Akapaka panapotokea karatasi. Kila risiti iliyotoka wiki ile ilikuwa na wekundu pembeni, na mteja mmoja akaniuliza kwa upole kama nimejikata.

Tuje kwenye taa. Diya ni kitu rahisi: kibakuli cha udongo, samli, utambi wa pamba uliosokotwa kiganjani. Nilizipanga barazani mstari mzima, nikapiga magoti, nikawasha ya kwanza hadi ya mwisho huku nikiukinga upepo wa bahari kwa mgongo. Niliposimama kujinyoosha, kitinda mimba alikuwa ameshafika mwanzo wa mstari, mashavu yamejaa hewa. Katika maisha yake yote mwali mdogo juu ya kitu cha mviringo umekuwa na maana moja tu. Akazizima zote, moja baada ya moja, akiimbia umri wake, kisha akageuka na kuuliza keki iko wapi. Nikawasha tena. Akazima tena. Mkubwa akamweleza kwamba taa hizi ni za kumwonyesha Rama njia ya kurudi nyumbani kutoka msituni. Kitinda mimba akasema Rama atumie tochi ya simu.

Na ndipo maswali yalipoanza. Hakuna mtu aliyenitayarisha kwa maswali. Hekaluni mtoto akiuliza unamwambia nyamaza, tunasali. Nyumbani huna pa kujificha. Rama alipofukuzwa miaka 14, shule alikuwa anasoma wapi? Ravana mwenye vichwa kumi alikuwa analala ubavu gani? Ganesh alipokatwa kichwa akawekewa cha tembo, yule tembo alibaki na nini? Hili la mwisho lilituharibia safari nzima ya Mikumi, kwa sababu kila tembo aliyetokea alihesabiwa kichwa kwa wasiwasi. Wasichokijua waandishi wa vitabu vya watoto, vile vyenye picha za kung'aa, ni kwamba hadithi hizi zilipangwa zisimuliwe na bibi mwenye jioni nzima, si na baba anayetaka kusikia taarifa ya habari. Mama yangu akiulizwa habari za yule tembo, huanza nyuma kabisa, kwa Shiva na Parvati na mlango wa bafu, na akifika kwenye tembo muulizaji anakoroma. Huo ndio ufundi.

Ganesh ameniachia na tatizo jingine. Kipando chake ni panya. Nani aliwaambia watoto? Mimi. Sasa jikoni kwangu kuna panya mnene, anapita juu ya kabati mchana kweupe, na kila nikileta mtego ninawekwa kitako na wanasheria wawili wenye machozi. Juzi nilimkuta amewekewa kipande cha ladu kwenye kisosi.

Lakini panya ana nafuu kuliko zile nyayo. Usiku wa Diwali, Lakshmi, mwenye kugawa utajiri, huingia nyumba iliyo safi na yenye mwanga, na ili asipotee, huchorewa nyayo ndogo za unga kuanzia mlangoni hadi madhabahuni. Mama watoto akaona tusichore, tuwaachie watoto, ndiyo maana ya nyumbani. Akaweka unga wa mchele kwenye sinia, akaulowesha kidogo, akamwambia kitinda mimba akanyage humo kisha atembee polepole kutoka mlangoni. Akakanyaga vizuri. Akatembea hatua tatu za heshima. Kisha akakumbuka kuna juisi. Ukizisoma nyayo zile, Lakshmi wetu aliingia, akakata kona kwenda kwenye friji, akasimama pale kwa muda, akaenda chooni, akapanda kochi, na mwishowe, kwa nyayo zilizo wazi kuliko zote, akatoka nje akaelekea ngazini. Mama yangu alizifuata kwa macho hadi kizingitini, akashika kiuno. “Ametoka,” akasema. “Mwaka mzima nimefagia, na ametoka mwenyewe nimemwona.” Nilipiga magoti usiku ule na kitambaa, nikifuta vidole upande mmoja na kuvichora upande wa pili, nikimgeuza mungu wa utajiri wayo kwa wayo arudi ndani. Hata hivyo mauzo ya Novemba yalikuwa mabaya.

Holi nitaipita haraka kwa sababu mwenye nyumba husoma gazeti hili, na ukuta wa ngazi nimeshaupaka upya. Nitasema tu kwamba moto wa Holika tuliuwasha kwenye jiko la mkaa uani, nazi moja, bisi na tende. Holi ya 2024 na ya 2025 zote ziliangukia ndani ya Ramadhani, kwa hiyo tende zilikuwa tele sokoni, na moto wetu uliwaka jua likizama, majirani wakifungua saumu. Jirani wa ghorofa ya pili akaleta sinia la futari, sisi tukampelekea bisi na nazi ya kuchoma, na wanangu, ambao hawakuwa wamefunga hata dakika, walikula kama waliofunga kuanzia Rajabu.

Kilichoniharibia jina mtaani ni Kali Chaudas.

Hii ni siku moja kabla ya Diwali. Kwa Wagujarati, jioni ya siku hiyo hukaangwa vada, zile bajia nene za dengu, na chache hupelekwa njia panda, zikawekwa chini, zikazungushiwa maji, kisha mtu hurudi nyumbani bila kugeuka nyuma. Ugomvi wote wa nyumbani unabaki kule. Hekaluni jambo hili halifanyiki, ni la nyumbani tangu asili, na hapo ndipo mama watoto aliponiambia kwa ushindi: “Unaona? Hii hata wewe huwezi kusema twende Kisutu.” Tukatoka jioni, mimi, mama, na watoto wawili wanaovutana sahani ya kuondolea ugomvi kila mmoja akitaka aibebe yeye. Wakapigana makofi. Vada moja ikaanguka kwenye mtaro. Mama akasema hiyo nayo inahesabika.

Tukafika njia panda. Kuna kona ya bajaji pale, na mama wa mihogo. Mama yangu akainama, akaweka vada tatu katikati ya lami, akazungushia maji kutoka kwenye lota ya shaba, midomo ikitembea, akainuka, akageuka, akaanza kurudi bila kutazama nyuma. Sisi nyuma yake, shingo zimekakamaa. Nikasikia kijiwe kizima cha bajaji kikinyamaza. Nikasikia mama wa mihogo akifunika sufuria.

Ndugu msomaji, wewe umezaliwa Pwani. Ungeona watu wanne magharibi wanaweka vyakula njia panda, wanamwaga maji, na kuondoka bila kugeuka, ungesema wanasherehekea?

Mlinzi wa jengo letu, mtu wa Pangani, mzee wa heshima zake, alinipokea getini akiwa amesimama mbali kidogo kuliko kawaida.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba. Bosi, tumemkosea nani?”

“Hapana mzee, ni sikukuu yetu. Tunatupa ugomvi.”

Akafikiri. “Mnautupia wapi? Maana mimi ndiyo njia yangu ya kurudi nyumbani.”

Kufika asubuhi, bajaji zilikuwa zimehamia kona nyingine. Jirani mmoja alikuwa amemwita mchungaji, mwingine alisikika akisoma visomo kuanzia alfajiri. Vada zenyewe zilishaliwa na kunguru, wale weusi wenye shingo za kijivu walioletwa Zanzibar kutoka India mwishoni mwa karne ya 19 wale taka, na ambao hawajawahi kuuliza chakula kimesomewa nini. Nikaona nifanye uungwana. Nikabeba sahani ya vada zilizobaki jikoni, na chatine, nikapita mlango kwa mlango kueleza. Wote walinisikiliza kwa adabu. Wote walisema wameshiba. Mlinzi peke yake ndiye aliyechukua, tena baada ya kuhakikisha kwamba hizi hazijafika njia panda, wala hazikukaa sahani moja na zile zilizofika, na kwamba mimi naanza kula kwanza.

Baada ya hapo nilitegemea mwaka mpya upite kimya. Asubuhi ya Bestu Varas kazi ni kuvaa nguo mpya, kusalimia wakubwa, kusema Sal Mubarak na kugawa peremende. Lakini bibi yao alikuwa amewasimulia usiku kwamba zamani kule Gujarat, alfajiri ya mwaka mpya, watoto walipita milangoni wakinadi chumvi, na kila nyumba ilinunua kidogo kwa ajili ya baraka. Alisimulia tu, kama mtu anavyosimulia habari za zamani. Saa kumi na moja na nusu nikaamshwa na kengele za milango zikilia ngazi nzima. Walikuwa wamemaliza kopo letu lote, wamefunga chumvi kwenye vipande vya karatasi za daftari la hesabu, shilingi 500 kwa kifurushi, wakinadi kwa sauti ambayo wakati wa sala sijawahi kuisikia. Na jengo zima, lile lile lililokataa vada zangu, lilinunua. Jirani wa futari alichukua viwili. Mlinzi alikopeshwa.

Wageni walipoanza kuingia saa nne, viazi vya karai vilikuwa motoni na jikoni hapakuwa na chumvi hata punje. Nikamwita mkubwa, nikamwambia alete kifurushi kimoja. Akasema vimebaki viwili tu, kwa hiyo bei imepanda. Nikampa noti ya shilingi elfu mbili. Hakuwa na chenji.