Digrii ya A, E, I, O, U

Ukimwambia mtu unasomea udaktari, anakuonyesha goti linalomuuma. Ukisema sheria, anakutolea kesi ya kiwanja cha marehemu babu yake. Mimi kila nilipotaja kwamba nasomea shahada ya ualimu wa shule ya msingi, mtu alinyamaza kwanza, akangoja kuona kama nimemaliza sentensi, halafu akauliza kwa huruma: "Na ukimaliza, wanakupeleka sekondari gani?"

Nyumbani ndiko kulikokuwa kugumu zaidi. Mzee wangu ni mwalimu mstaafu wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Kwa wasiokumbuka, Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka kila mtoto wa Tanzania mwenye umri wa kwenda shule awe darasani kufikia 1977, na walimu wa kuwafundisha hawakuwapo. Vijana waliomaliza darasa la saba wakachukuliwa, wakafundishwa ualimu hukohuko vijijini huku wenyewe wakifundisha, mengine wakiyasoma kwa posta na kuyasikiliza redioni. Baba alikuwa mmoja wao. Alisikiliza habari zangu za chuo kikuu hadi mwisho, akavua miwani.

"Miaka mingapi?"

"Mitatu, baba."

"Mimi nilikufundisha kusoma wewe, nikawafundisha wadogo zako na nusu ya kitongoji hiki. Sikujua kama pale pana jambo la miaka mitatu."

Mama muuza maandazi naye, ambaye watoto wake wote wamepita mikononi mwangu darasa la kwanza, alilitazama suala hilo kibiashara. "Kwa hiyo mwalimu, siku zote hizo ulikuwa hujajua? Basi ukirudi umrudie yule mkubwa. Mpaka leo kugawanya kumemshinda."

Nikaondoka Tanga na cheti cha Daraja A, stashahada niliyoisoma kwa kuibia likizo, na kikohozi cha chaki. Chuo chenyewe sitakitaja, maana walinipa shahada na wanaweza kuikumbuka.

Darasani wenzangu wengi walikuwa vijana waliotoka kidato cha sita moja kwa moja. Waliniamkia shikamoo, na kwa adabu hiyohiyo wakaninyima kila kitu cha maana. Hakuna kijana anayempa mzee wake desa la mitihani iliyopita. Bumu, yaani pesa ya mkopo, likiingia, chuo kizima kilinukia chipsi kuku. Mimi mtumishi mwenye mshahara sikuwa na mkopo wa bodi, na mshahara wenyewe ulikuwa umeshagawanywa Tanga kabla haujanifikia. Nilikula ugali maharage nikiwaangalia wanangu hao wa darasani wakifungua soda ya pili.

Tabia za darasa la kwanza hazibaki getini. Kijana mmoja wa kikundi chetu aliwasilisha kazi vizuri sana mbele ya ukumbi wa watu mia tatu, na alipomaliza nilijikuta nimesimama, mikono juu, nikisema kwa sauti ile ya shuleni: "Mpigieni makofi ya kilo!" Kukawa kimya. Halafu safu ya nyuma ikaanza, ya mbele ikafuata, na ukumbi mzima wa wasomi ukapiga makofi ya kilo kwa mpigo, pa-pa-pa, pa-pa-pa, paa! Mhadhiri, mtu mwenye shahada ya uzamivu, aliuliza kama kuna na ya aina nyingine. Nikamwambia yapo ya maji, ya treni na ya chapati. Tangu siku hiyo hakuna aliyewasilisha kazi bila kuuliza atapigiwa yapi.

Kilichonitesa ni Kiingereza. Shule zetu za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili, lakini anayekwenda kufundisha humo na shahada husomeshwa saikolojia ya mtoto, mitaala na upimaji kwa Kiingereza. Kuna mhadhara mmoja wa saa mbili ambao sitausahau. Tulielezwa, kwa Kiingereza kirefu chenye mikia, kwamba mtoto hujifunza vizuri zaidi kwa lugha anayoielewa. Niliandika yote. Nilikuja kuyaelewa jioni, kwenye kimbweta, nilipoelezwa na binti wa miaka ishirini kwa Kiswahili.

Kwenye saikolojia nilipata ndugu. Tulifundishwa habari za Pavlov, yule Mrusi, na mbwa wake aliyezoeshwa mlio fulani hadi akawa anatokwa mate kabla ya kuona chakula. Vijana walicheka. Mimi sikucheka. Kengele ya shule yetu ni rimu ya lori iliyotundikwa kwenye mwembe, na ikigongwa saa nne asubuhi ofisi nzima ya walimu hugeuza shingo mlangoni kumtafuta mama wa chai. Siku akichelewa, tunakuwa wakali bila sababu. Nilitaka kumwandikia Pavlov, ila alishafariki mwaka 1936.

Piaget ndiye aliyeniaibisha. Huyu Mswisi aligundua kwamba mtoto ambaye hajafika kama miaka saba, ukimwekea maji sawa kwenye glasi mbili zinazofanana, kisha mbele ya macho yake ukamimina moja kwenye glasi nyembamba na ndefu, atakwambia hii ndefu ina maji mengi. Bado hajajua kwamba kiasi hakibadiliki kwa kubadilishiwa chombo. Tulipewa kazi ya kumtafuta mtoto wa miaka mitano au sita, tumjaribu na tuandike ripoti. Nikaazima mtoto wa mwenye nyumba wangu, mama mmoja anayeuza juisi ya ukwaju kituo cha daladala. Nikatumia juisi yake ili mambo yawe ya kuvutia.

Nikamimina. "Haya mwanangu, ipi nyingi?"

Mtoto aliziangalia glasi, akaniangalia mimi. "Zote sawa. Si umemimina ileile?"

Nikaona nimepata kichwa cha ajabu. Nikauliza, kama kitabu kilivyoelekeza, amejuaje.

"Mama huwa anaweka kwenye hii ndefu," akasema, "wateja wanadhani ni nyingi."

Halafu akazinywa zote mbili, na mama yake akaniandikia deni. Ripoti yangu ilirudi na maneno ya wino mwekundu kwamba sampuli yangu ina kasoro. Mimi bado nasema sampuli haikuwa na kasoro. Piaget hakuwahi kupanga kwa muuza juisi.

Mazoezi ya kufundisha yalipofika nilipangiwa shule ya mjini, darasa la kwanza, watoto mia na ushee katika chumba kimoja. Tangu michango ifutwe Januari 2016 madarasa ya mwanzo yalifurika, na anayesema kufundisha humo ni kazi nyepesi aje ashike lile daftari la mahudhurio, aite majina yote, kisha aangalie saa ya kipindi imebaki dakika ngapi. Nilihitaji zana za kuhesabia. Manila na kalamu za rangi zina bei. Visoda ni bure, ila unatakiwa ujue vinakopatikana.

Vinapatikana baa. Nilikwenda baada ya swala ya isha, kofia ikiwa bado kichwani, nikiwa na kiroba kidogo, nikaanza kuinama baina ya meza. Wahudumu walinisaidia, hata wateja wawili waliongeza kasi ya kunywa kwa ajili ya elimu. Sikujua kwamba kona ya nyuma alikuwa amekaa mtu wa kwetu Tanga, ambaye naye, bila shaka, alikuwa amepita tu. Alfajiri simu ikaita. Mke wangu.

"Baba watoto, nimeambiwa umeonekana baa usiku. Umeinama."

"Nilikuwa naokota visoda, mama."

"Visoda vya nini?"

"Vya kuhesabia."

"Kuhesabia ulizokunywa?"

Nilimweleza habari za zana za kufundishia zinazotokana na mazingira. Aliniambia mazingira hayo nisirudi nayo nyumbani.

Kesho yake akaja mtathmini kutoka chuoni, bila taarifa, akakaa dawati la nyuma na fomu yake mapajani. Mtoto wa mbele akageuka, akamtazama vizuri, akaniuliza kwa sauti ya kengele: "Mwalimu, huyu ndiye mgeni uliyesema akija tukae vizuri?" Nikasema tuendelee na somo. Nikawagawia visoda kumikumi, wakae vikundi, wahesabu. Kikundi cha dirishani hakikuhesabu. Kijana mmoja mdogo, kamasi mbili, alikuwa anavipanga kwa chapa zake na kuwaeleza wenzake: "Hii ya baba. Hii ya baba mdogo. Hii ya mwenyekiti wa mtaa." Akanyanyua kimoja chenye rangi ya dhahabu. "Hii ya mwalimu mkuu."

Mtathmini aliandika kitu kirefu. Baadaye niliona: "Zana zinahusiana moja kwa moja na maisha halisi ya mwanafunzi."

Ningepona kabisa kama asingefungua andalio langu la somo. Wanaojua kazi hii wanajua kwamba mwisho wa andalio kuna sehemu ya tathmini na maoni, inayojazwa baada ya kufundisha, na wanajua pia kwamba hakuna mwalimu katika nchi hii anayeingia darasani ikiwa tupu. Akaisoma polepole. "Mwalimu, umeandika asilimia tisini ya wanafunzi wameelewa somo. Wameelewa saa ngapi?"

"Jana usiku, mheshimiwa."

Alicheka mpaka akafuta macho. Naye alianzia shule ya msingi.

Sitaki mtu adhani miaka hiyo ilikuwa ya kuokota visoda tu. Kuna jambo lililonikaa sana. Kwa miaka nilikuwa na watoto wanaoghani ba, be, bi, bo, bu bila kukosea, darasa zima, kwa madaha, na mkaguzi akija anafurahi. Ukimwita mmoja ubaoni ukamwonyesha "bo" peke yake, anaanza chini: ba... be... bi... ndipo anaifikia. Ukimwonyesha "bu" anaanza tena chini. Hasomi. Anapanda ngazi aliyoikariri, kama mtu asiyeweza kuitaja Alhamisi bila kuanzia Jumatatu. Na wapo wanaosoma kitabu kizima huku wamekishika juu chini, kwa kuwa wamekikariri kwa kuwasikia wengine. Nilikuwa nawaita wazembe. Chuoni ndipo nilipofundishwa kuitenganisha sauti na herufi, kuzichanganya silabi zisikae kwa mpangilio, kumsikiliza mtoto mmojammoja, na kumjali yule aliyetoka kwao na Kisambaa au Kizigua peke yake, anayejifunza kusoma na kujifunza Kiswahili kwa wakati mmoja. Mtaala wa darasa la kwanza na la pili uliokazia kusoma, kuandika na kuhesabu ulikuja mwaka 2015, na nilikuwa nautumia kila siku. Sababu zake ndizo sikuzijua.

Nilipomweleza mzee haya, kwa fahari ya mtu mwenye joho, alitikisa kichwa. "Sisi tulikuwa tunaandika silabi kwenye vipande vya maboksi, tunavichanganya kama karata. Hukumbuki? Ulikuwa unaiba 'ka' ili mdogo wako asishinde."

Nilikuwa nimesahau kabisa. Chuo kilinidai miaka mitatu kwa kitu nilichokiiba kwa baba nikiwa na miaka sita.

Nikarudi kituoni. Kubadilishiwa muundo kutoka mshahara wa stashahada kwenda ule wa shahada, TGTS D, nilisubiri hadi majirani wakaacha kunipongeza. Binti yangu mdogo, ambaye nilikuwa nimemwandalia mpango kamili wa hatua za usomaji, alishajifunza kusoma kwa bibi yake, kwa vocha za simu na pakiti za sabuni. Haya niliyategemea.

Sikutegemea ya ofisini. Mwalimu mkuu alinipokea kwa heshima kubwa, akaniandalia kiti chenye mgongo, akatoa ratiba mpya. Darasa la saba, Hisabati na Sayansi.

"Mkuu, mimi nimesomea wadogo. Nilikuwa naomba darasa langu la kwanza."

"Mwalimu, wewe una digrii sasa!" Alinishangaa kweli. "Tutakupotezaje kule?"

Alimaanisha wema, na simlaumu yeye peke yake. Ndivyo tulivyozoea: mwalimu akipanda elimu anapandishwa darasa, akizidi kupanda anahamia sekondari, akizidi zaidi anakaa wilayani na gari, na kila hatua inamtenga na mtoto asiyejua kusoma. Kule chini tunamweka aliyepatikana. Darasa langu la kwanza analo binti wa kujitolea aliyemaliza kidato cha nne. Ana moyo, ana sauti nzuri, na nikipita dirishani nawasikia wote wakipanda ngazi yao: ba, be, bi, bo, bu. Nimempa kiroba changu cha visoda na vipande vya maboksi, na saa nne, mama wa chai akichelewa, tunakaa chini ya rimu ninamwonyesha ninayoyajua. Mimi darasani nasahihisha desimali za wanafunzi wa darasa la saba, na wachache kati yao bado wanatafuta "bo" kwa kuanzia "ba".

Mwalimu mkuu unayesoma haya, ratiba ya Januari ikianza kupangwa, muulize mwalimu wako mwenye digrii kama angelipenda darasa la kwanza. Mimi wangu bado hajaniuliza.