Sifa za Bafa Kubwa

Wanaowalalamikia mafundi wa vipima-upepo hapa Singida wana haraka isiyo na sababu. Chipu ya ATmega328P, ile ya Arduino Uno R3, ina kumbukumbu ya muda ya baiti 2,048. Fundi mkarimu huchukua 2,000 akaweka bafa, yaani ghala la kusubirishia vipimo, ya sampuli 1,000 za upepo, baiti mbili kila moja, na 48 zinazobaki huiachia programu nzima ijibane humo. Mbona kwenye daladala tunabanana na tunafika?

Kwa sampuli 100 kila sekunde, bafa hujaa baada ya sekunde 10, ndipo taarifa inapotoka. Basi king'ora cha upepo mkali hulia upepo ukishapita, kwa utulivu ule ule wa tume ya uchunguzi. Nani amewahi kuona tume ikikurupuka? Wapo wakorofi wanaoshauri vibafa viwili vidogo, kimoja kikijazwa huku kingine kikisomwa. Hao ndio wale wale wanaodai dirisha la pili lifunguliwe ofisini, ilhali foleni ya dirisha moja imeshazoeana na watu wameanza kuchumbiana.

Na hesabu za programu zikikosa nafasi, zikamwagikia kwenye sampuli, skrini ikaandika upepo sifuri? Hapo ndipo raha ilipo: ripoti safi, hakuna dhoruba iliyorekodiwa.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukiona bati lako linaruka kuelekea kwenye alizeti za jirani na kipimo kinasoma shwari, usimsumbue fundi. Amini kipimo, kisha kafuate bati.