Namna ya Kuruka kwa Uhalisia Kamili Bila Kutoka Sebuleni

Kwanza, hongera. Umecheza gemu la ndege za vita vya kutosha: umeangusha Messerschmitt nyingi kuliko zilizowahi kuundwa, risasi hazijawahi kukuishia, na ukigonga mlima unadunda na kuendelea na safari. Ila siku hizi raha hiyo inakutia haya. Umesikia kuna wenzako wanaoruka kwa "uhalisia kamili", na ukijitaja mbele yao wanakujibu taratibu, kwa upole ule wa kumsemesha mtoto wa watu.

Mwongozo huu utakuvusha hadi upande wao. Sharti ni moja tu: uwe tayari kutumia fedha na usingizi wako kununua kazi ambazo marubani wa mwaka 1941 walikuwa wakiomba waondolewe.

Fungua ukurasa wa mipangilio. IL-2 Sturmovik, gemu la mwaka 2001 lililopewa jina la ndege ya Kisovieti ya kushambulia vifaru, liliwazoesha watu orodha ndefu ya swichi: upepo, injini kuchemka, kamera ya nje, alama kwenye ramani, na nyingine nyingi. Usiziwashe zote siku moja. Anayeziwasha kwa mkupuo hujifunza jambo moja pekee, nalo ni rangi ya nyasi za uwanja wa ndege zinapotazamwa kwa karibu sana.

Anza na risasi, maana aibu yake ni fupi. Messerschmitt Bf 109 E ya Wajerumani ilibeba makombora 60 kwa kila mzinga wa bawani. Ukikandamiza kitufe, yanakwisha kwa takriban sekunde saba. Spitfire ya mwanzo ya Waingereza ilikuwa na bunduki nane, kila moja na risasi 300, jumla ya sekunde 15 hivi za kelele. Wewe ulizoea kumwaga moto tangu adui akiwa nukta hadi awe majivu. Leo utamaliza kila kitu ukilenga ndege iliyo kilomita moja mbele, ambayo rubani wake ataenda kula chakula cha jioni bila kujua kwamba alishambuliwa. Dawa yake inajulikana. Erich Hartmann, Mjerumani aliyeandikiwa ushindi 352, hakuwa na siri yoyote: alisogea karibu mno ndipo akafyatua. Ni mbinu rahisi sana kuisimulia.

Mafuta nayo yawekee kikomo. Hapo hakuna mengi: yatakwisha, utatua kwenye shamba la mtu.

Sasa zima kamera ya nje. Utagundua kwamba chumba cha rubani kina nguzo za chuma, na kwamba adui amejaliwa kipaji cha kukaa nyuma ya nguzo. Ili umwone itabidi ugeuze shingo, na shingo yako haimo ndani ya kompyuta, kwa hiyo utanunua kifaa cha kufuata mwendo wa kichwa. Kikifika, utaona aibu kukitumia na joistiki ya bei poa. Ukibadilisha joistiki, utahitaji pedali. Waambie wa nyumbani kwamba pedali ni za mazoezi ya miguu, daktari alishauri.

Hatua inayofuata ndiyo yenye kisirani. Ondoa lebo.

Hadi leo kila ndege angani imetembea na kibandiko chake, kama nguo ya mtumba yenye bei: huyu adui, aina yake hii, umbali wake huu. Ondoa. Sasa piga hesabu. Bf 109 ina upana wa mabawa wa takriban mita kumi. Kwenye skrini yenye pikseli 1920 kwa upana, ukitazama kwa nyuzi 90, ndege hiyo ikiwa kilomita tano mbele yako inachukua pikseli mbili. Mbili! Unaweza kukuza picha ili nukta inenepe, lakini hapo umefunga sehemu kubwa ya anga, na aliyekuja kukuua yuko kwenye sehemu uliyoifunga. Wapo watakaokushauri upanguse skrini. Wasikilize. Hakuna anayependa kukumbuka ni mara ngapi amefuata chembe ya vumbi kuelekea mashariki.

Na hata nukta ikikua ikawa ndege, bado hujui ni ya nani. Usijilaumu, Waingereza wenyewe walianza hivyo. Tarehe 6 Septemba 1939, vita vikiwa na siku tatu, Spitfire za kikosi cha 74 ziliangusha ndege mbili aina ya Hurricane. Hurricane hizo zilikuwa za kikosi cha 56, Waingereza wenzao, na rubani mmoja alikufa. Ndizo ndege za kwanza ambazo Spitfire iliangusha vitani. Kwa hiyo ukimchoma mwenzako mgongoni, halafu akakutukana kwenye hedifoni, mweleze kwa utulivu kwamba unazingatia historia.

Ukishaizoea huzuni hiyo, ruhusu sheria za hewa zifanye kazi. Bawa likiinuliwa kupita kiasi, hewa inaliacha, na ndege inaanguka huku ikijizungusha. Tiba ni kupunguza moto wa injini, kukanyaga pedali ya upande wa pili wa mzunguko, na kusukuma joistiki mbele. Mikono yako itafanya kinyume cha yote matatu. Washa pia swichi ya damu: ukikata kona kali, damu ya rubani hushuka kutoka kichwani na macho yake kuingia giza. Damu yako wewe iko palepale kwenye kiti cha plastiki, ila skrini itazima kwa heshima.

Kuondoka na kutua navyo vina mambo yake. Miguu ya Bf 109 ilifungwa kwenye kiwiliwili badala ya mabawani, na faida yake ilikuwa kwamba mafundi waliweza kung'oa mabawa ndege ikiwa bado imesimama kwa magurudumu yake. Mafundi walifurahi. Marubani walirithi magurudumu yaliyokaribiana na injini yenye nguvu ya kuivuta ndege kando, na wengi wao waliumia bila kumwona adui hata mmoja. Gemu limeinakili kasoro hiyo kwa uaminifu wa kusikitisha.

Hatimaye tunafika kwenye injini, ambako waumini wa kweli husali. Katika ndege za Kisovieti kama Yak-1, radieta ya maji ina wenzo wake, ya mafuta ya injini ina wake, propela ina wake, mchanganyiko wa hewa na petroli una wake. Ukifungua radieta sana, mwendo unapungua. Ukiifunga, injini inachemka. Ukisahau yote ukamtazama adui, injini inakufa kwa kukosa kujaliwa. Kwenye I-16, nayo ya Kisovieti, rubani alikunja magurudumu kwa kuzungusha mkono wa chuma mara 44, huku mkono wa pili ukijaribu kuizuia ndege isiruke kwa mawimbi. Katika IL-2 ya zamani kazi hiyo hufanywa kwa kubonyeza kitufe tena na tena na tena. Watu wazima, wenye familia, hufanya hivyo kwa hiari baada ya kazi.

Spitfire ya mwanzo ina kituko chake. Ukimfuata Mjerumani anayepiga mbizi kwa kusukuma joistiki mbele ghafla, injini ya Merlin inakohoa, maana kabureta yake haikuweza kulisha petroli vizuri pale uzito unapogeuka juu chini. Mjerumani alikuwa na pampu inayopulizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda, basi akaenda zake. Marubani walijifunza kupindua ndege mgongo chini kwanza, ndipo wavute. Mwaka 1941 mhandisi Beatrice Shilling, huko Farnborough, alibuni kipande kidogo cha chuma chenye tundu kilichopunguza sana tatizo hilo. Tahadhari: ukichagua Spitfire yenye kipande hicho, wapo watakaokuona mlegevu.

Nao hao ndio watakaokufundisha kwamba kuiachia kompyuta isimamie injini ni udanganyifu. Usiwaulize kuhusu Focke-Wulf 190. Ndege hiyo iliingia vitani mwaka 1941 ikiwa na chombo kilichoitwa Kommandogerät: rubani alisukuma wenzo mmoja, na chombo kikapanga propela, mchanganyiko na mengineyo. Yaani Wajerumani walitumia akili, fedha na chuma cha wakati wa vita kuunda ile swichi ya "rahisi" uliyoizima juzi kwa fahari. Ukilitaja hili kwenye seva kutakuwa kimya, kisha mtu ataanza kuzungumzia hali ya hewa juu ya Stalingrad.

Sasa umehitimu. Jioni yako ya kwanza ya uhalisia kamili itakwenda hivi: utawasha injini, utasubiri ipate joto, utaondoka bila kuua mtu, utaruka nusu saa juu ya theluji ukitafuta pikseli mbili, kisha utasikia vishindo na bawa litaondoka. Hutamwona aliyekupiga. Ukiulizwa, sema alitokea kwenye jua. Usiseme hivyo kama misheni ilikuwa ya usiku.

Imebaki swichi moja, ya kifo. Kuna kampeni ambazo rubani akifa amekufa: faili lake linafutwa, na medali zake pamoja nalo. Wenye msimamo huitunza sheria hiyo kwa ukali. Huomboleza, huzima kompyuta, hunywa maji, huiwasha tena, na kumsajili rubani mpya mwenye jina lilelile la ukoo. Huyo ni mdogo wake marehemu. Ameletwa kurithi ndege.